Nani anaongea na nani

Sentensi ninayoisikia zaidi saluni kwangu Tandika, Temeke, jijini Dar es Salaam, kuliko hata "dada, usikaze sana hapo mbele", ni hii: nyimbo za siku hizi hazina ujumbe. Anaisema mama wa makamo aliyekuja kusuka kwa ajili ya harusi ya mwanawe. Anaisema binti wa chuo. Anaisema hata kaka wa kuuza maji ambaye husimama mlangoni kusikiliza kabla ya kuendelea na safari yake. Wimbo ukianza tu, ubeti wa kwanza haujaisha, hukumu imeshatoka: mapenzi tu, mapenzi tu, hawana kingine cha kuimba.

Mimi kazi yangu ni kusuka. Kichwa cha rasta ndogondogo kinakula siku nzima, na muda wote huo mikono ina shughuli lakini masikio yako huru. Nimeisikiliza Bongo Fleva hivyo tangu nilipomaliza kidato cha nne: wimbo mmoja asubuhi, mchana, jioni, kwenye redio, kwenye flashi, kwenye simu ya mteja. Ukisikiliza kitu kwa namna hiyo kwa miaka, unajua kipi ni kitupu na kipi kina kitu ndani. Ninachotaka kusema hapa ni kwamba ndani mna vitu, tena vingi, na tunavipita kwa sababu tunavitafuta mahali pasipo pake.

Wengi wetu tulikutana na mashairi darasani. Mwalimu wa Kiswahili aliugawa ubao pande mbili, maudhui huku na fani kule. Chini ya maudhui akaandika dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo. Chini ya fani akaandika muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Tukakariri, tukafanya mtihani, tukaondoka. Leo ukimwuliza mtu yeyote wa rika langu amebaki na nini kutoka ubao ule, atakwambia ujumbe. Upande wote wa fani umefutika. Ndiyo maana mtu anausikiliza wimbo mzima kisha anauliza swali moja tu, umetufundisha nini, na asipopata jibu anasema hauna kitu.

Wimbo wa mapenzi ukiukamua kwa mtindo huo utapata "pesa zinaharibu mapenzi" au "mpende akupendaye", na utaona umepoteza muda. Lakini hata mashairi makubwa ya wazee wetu ukiyakamua hivyo yatakupa hayo hayo: tabia njema ni bora, dunia inadanganya. Hakuna anayeyarudia kwa sababu hakuwa anajua kuwa dunia inadanganya.

Mimi nina swali langu jingine. Kila wimbo mpya ukija nauliza: hapa nani anaongea na nani? Anayeimba ni nani ndani ya wimbo, anamwambia nani, na mimi ninayesikiliza nimewekwa wapi? Swali hilo limenipa mengi kuliko kutafuta ujumbe.

Chukua wimbo ambao hata wale wanaolalamika wanauheshimu, Ndio Mzee wa Professor Jay, uliomo kwenye albamu yake ya mwaka 2001, Machozi, Jasho na Damu. Watu huutolea mfano wakisema, unaona, zamani kulikuwa na ujumbe. Haya, ujumbe wenyewe ni upi? Kwamba wanasiasa wanaahidi wasichoweza kutekeleza? Hilo kila mtu Temeke alikuwa analijua kabla wimbo haujarekodiwa. Kinachoufanya usimame mpaka leo ni jinsi ulivyojengwa. Professor Jay hasimami pembeni akimsema mwanasiasa. Anakuwa mwanasiasa mwenyewe, yuko jukwaani, anamwaga sera, na ahadi zinapanda na kupanda mpaka zinafika mwezini. Kila baada ya ahadi umati unaitikia: ndio mzee. Sasa angalia hapo nani anaitikia. Ni sisi. Redio ikiupiga, saluni nzima inaitikia kwa sauti, tunacheka, tunapiga makofi, na tayari tumeshakuwa ule umati unaodanganywa na kukubali. Hakuna mstari unaosema "wananchi mnapenda kudanganywa". Hauhitajiki, kwa sababu tumeshaonyesha wenyewe kwa midomo yetu. Na mwaka 2015 mtu huyohuyo akasimama kwenye majukwaa ya kweli, akachaguliwa mbunge wa Mikumi. Tangu hapo sijaweza kuusikiliza wimbo ule kama zamani. Umekuwa mzito zaidi.

Sasa ufundi huohuo uko kwenye nyimbo za mapenzi tunazozidharau. Wimbo uliomtoa Diamond Platnumz unaitwa Kamwambie. Wengi wanaukumbuka kama kilio cha kijana aliyeachwa, na ni kweli analia. Lakini hamlilii mpenzi wake. Anamtuma mtu. Kati yake na yule binti kuna mtu wa tatu ambaye hasikiki, aliyeombwa aende akamwambie. Huyo mtu wa tatu kwetu sisi si mgeni. Posa zetu zinaenda kwa mshenga. Ugomvi wa mke na mume unapelekwa kwa shangazi. Jirani aliyekuudhi unamvalia kanga yenye maneno yake na kukatiza mbele ya kibaraza. Maneno mazito kwetu hayaendi moja kwa moja, yanapitia kwa mtu au kwa kitu, ili kila upande ubaki na njia ya kurudi nyuma bila kuaibika. Kijana wa kwenye Kamwambie anaweza kesho akasema sikukutuma mimi. Yule binti anaweza akasema sijapata salamu zozote. Kwa hiyo wimbo umeegemea mahali penye wasiwasi mkubwa: je, huyo aliyetumwa atafika? Na atayasema kama alivyoambiwa?

Ukiuliza swali langu, msikilizaji amewekwa wapi, jibu ni kwamba yeye ndiye aliyetumwa. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Mteja amekaa kwenye kiti, nusu ya kichwa kimesukwa, nusu bado, wimbo wa namna hiyo unapigwa redioni, anachukua simu na kurekodi kipande chake, anakiweka kwenye status. Haandiki jina la mtu. Kisha anakaa kuangalia nani ametazama. Na mimi niliyesimama nyuma yake nikiwa na kitana mkononi nimeshajua kuwa kuna mtu mahali fulani anatakiwa akione kile kipande, tena namjua. Tangu lini jambo kama hilo likaitwa halina maana?

Mbagala, wimbo mwingine wa Diamond wa kipindi kilekile cha mwanzo, nao tulizoea kuupita. Nikiwa Tandika naujua ule mtaa: unatoka hapa, unashika barabara ya Kilwa, unakwenda mpaka Rangi Tatu, na enzi zile za daladala za kugombania ulikuwa ukifika umelowa jasho na nguo imekunjamana. Mtu asiye na kitu anamlilia mpenzi, na jina la wimbo ni mtaa anakotoka. Angeweza kuuita "Umaskini", ukasahaulika baada ya wiki mbili. Kwa kusema Mbagala peke yake ameshakwambia kodi ya chumba, foleni ya asubuhi, na namna mtu wa upande mwingine wa jiji anavyokuangalia ukimtajia unakoishi. Mwalimu wangu angesema hiyo ni mandhari. Wateja wangu wa Mbagala walipousikia mara ya kwanza hawakusema kitu kama hicho, walisema "ametuimba sisi", na nadhani ni jambo lilelile.

Wimbo uliotugombanisha zaidi saluni ni Binti Kiziwi wa Z Anto. Kijana amempenda binti asiyesikia. Ulipigwa sana mpaka watoto wakawa wanauimba wakiruka kamba, na kwa kuwa watoto waliuimba, wakubwa wakauona wa kitoto. Lakini tulia kidogo uangalie kilichopo pale. Wimbo wa mapenzi siku zote umeegemea kwenye imani kwamba anayeimbiwa atasikia. Muziki mzima wa mapenzi duniani unaishi kwa imani hiyo. Hapa mwimbaji ameiondoa. Ana sauti nzuri, ana maneno, ana gitaa na kinanda, na vyote hivyo vinakwenda kwa kila mtu isipokuwa yule mmoja anayemtaka. Tunaousikia ni sisi ambao haukuimbwa kwa ajili yetu. Kila ninaposikia kiitikio kile nabaki najiuliza kijana anamwimbia nani hasa, na kwa nini bado anaimba.

Nilipoyasema hayo siku moja, mteja mmoja mwenye mtoto wa kike asiyesikia alikaa kimya kwa muda, kisha akasema: "Mimi wimbo huo siupendi. Angempenda kweli angejifunza lugha ya alama." Saluni nzima ikanyamaza. Kisha mama mwingine akamjibu kwamba huyo kijana ndiyo kwanza amemwona, atajifunza lini. Yule mteja akasema, basi aache kuimba aende akajifunze, mwanangu akija mchumba wa kuimba nitamfukuza. Wakabishana mpaka nikamaliza kichwa, nikachoma ncha, nikamwagia maji ya moto, bado wanabishana. Sikubaliani naye kuhusu wimbo, bado naupenda, ila alichokisema kimeufanya kwangu kuwa mkubwa kuliko ulivyokuwa: sasa nasikia pia kile ambacho kijana hakifanyi. Wimbo mtupu hauwezi kubeba ubishi wa namna hiyo.

Lady Jaydee na Yahaya yake ya mwaka 2013 nitaigusa kidogo tu. Wimbo mzima ni swali: Yahaya anaishi wapi? Mtu anajulikana na wote, yuko kila mahali, na kwake hakujulikani. Wakati ule kila saluni ilikuwa na jibu lake kuhusu Yahaya ni nani. Jaydee hakutoa jibu ndani ya wimbo, na kwa kutolitoa alitufanya wote tuanze kuwaangalia upya akina Yahaya wa mitaa yetu.

Kinachonishangaza ni kwamba wanaosema Bongo Fleva haina kitu ni walewale wanaoinuka kucheza wakipigiwa taarabu. Taarabu wanajua kuisikiliza. Wanajua kuwa ua si ua, kwamba mwimbaji hamtaji mtu lakini mlengwa anajijua, kwamba kijembe kizuri ni kile ambacho ukilalamika umejitaja mwenyewe. Miaka ya 1990, vikundi vya TOT na Muungano vikishindana, Khadija Kopa huku na Nasma Khamis kule, watu walijaa kumbini wakienda kutuza kila mstari uliowagusa, na wasiopenda waliita mambo yale matusi na uswahili. Leo tunaita mipasho ile sanaa, na ni sanaa kweli. Ukirudi nyuma zaidi unamkuta Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyeuza vyungu, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri za Kiswahili. Mjini Unguja alitungiwa wimbo wa kumcheka kwamba ametoka shamba amevaa kaniki, na yeye akawajibu kwa wimbo, kwamba uzuri wa sura na ukoo si hoja, hasara ni mtu kukosa akili. Shaaban Robert akaja kuandika wasifu wake. Huyo ndiye tunayemwita mama wa taarabu, na aliposimama kuimba wapo waliomwona mtu wa hovyo. Na Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, naye alikuwa akiimbia watu kwenye kumbi za dansi ambazo wazazi wengi hawakutaka binti zao wakanyage.

Simaanishi kwamba kila kinachopigwa kina kina. Hapana. Ziko nyimbo nyingi mno ambazo ukiuliza nani anaongea na nani unagundua hakuna anayeongea. Kuna jina la gari, jina la kinywaji, jina la mji wa Ulaya, na mdundo mzuri unaoficha kwamba hakuna mtu ndani. Hizo zikianza naachia zipite. Lakini hata singeli, ambayo huku Temeke tunalala nayo na kuamka nayo, inakwenda kasi kiasi kwamba anayeidharau mara nyingi hajaisikia hata sentensi moja. Ndani ya kasi ile kuna deni la dukani, ugomvi wa bombani, shemeji asiye na adabu, mama mwenye nyumba anayepita tarehe moja. Sijui muziki mwingine wa hapa unaoyataja mambo hayo kwa majina yake bila aibu namna ile.

Na sasa niseme ule ulio moyoni mwangu kuliko yote, Starehe wa Ferooz aliomshirikisha Professor Jay. Ulitoka wakati ambapo Ukimwi ulikuwa ndani ya nyumba nyingi na hautajwi. Kwetu mjomba aliugua. Tuliambiwa ni kifua. Wageni walipokuja tulitolewa nje, na alipofariki ikasemwa ni malaria iliyopanda kichwani. Wakati huohuo barabarani mabango yalikuwa yakituonya, redio ikituonya, shuleni tukipewa vipeperushi. Ujumbe ulikuwa mwingi kupita kiasi. Tulikuwa tunazama kwenye ujumbe. Lakini kote huko mgonjwa alikuwa ni yule, wale, waathirika, watu wa kuonywa nao.

Starehe ulianza kwa kusema "mimi". Mgonjwa mwenyewe anaongea, anasimulia jinsi alivyoishi, fedha, marafiki, raha, na jinsi alivyobaki amelala. Hasemi "vijana jihadharini" kama bango. Anajiangalia. Nilikuwa nimekaa na bibi yangu uani tukichambua mchele wimbo ulipopigwa, na bibi, ambaye muziki wa vijana aliuita kelele, aliacha kuchambua. Wimbo ulipoisha akasema, "Mwanangu naye angesema hivyo kama tungemwachia aseme." Ilikuwa mara ya kwanza mtu nyumbani kwetu kukubali kwamba mjomba alikuwa na jambo la kusema na hatukumpa nafasi. Serikali haikutufikisha hapo, wala semina. Wimbo wa Bongo Fleva ndio uliotufikisha, kwa kubadilisha tu nani anaongea.

Sasa nina ombi moja kwa watangazaji na madijei, na nalisema kwa heshima maana najua kazi ni kazi. Msikate ubeti wa mwisho. Nimeshazoea: kiitikio cha pili kinaisha, mtangazaji anaingia na salamu, tangazo linafuata, wimbo umekwisha. Mashairi yetu tangu zamani yanaweka uzito mwishoni, kwenye beti za kufungia, na watunzi wa Bongo Fleva wamelirithi hilo hata kama hawalisemi. Huko mwisho ndiko yule aliyeachwa anapokiri naye alikosea wapi, ndiko msimulizi anapogeuka kuwa mtu mwingine kabisa. Mtu aliyesikia beti mbili akasema hazina kitu, sehemu ya lawama si yake. Na watunzi wenyewe siku hizi wanaandika nyimbo fupi fupi, beti mbili na kiitikio, kwa sababu wanajua wa tatu hautafika masikioni kwa watu.

Ndiyo maana hapa kwangu redio napiga asubuhi tu, kwa ajili ya habari. Baada ya hapo ni flashi, na nyimbo zote ziko nzima. Anayetaka kubishana nami kuhusu Binti Kiziwi anakaribishwa, aje na rasta zake, pakiti tano zinatosha kwa kichwa cha kawaida, na aje mapema.